Wakuu wa kuchoma DVD: baba wa bibi harusi kafunga mdomo, sauti bado inaendelea

#1 Mchoma wa Mwanga
Habari za jioni wakuu. Nipo Kigoma mjini, Mwanga. Nina steshenari ndogo, na pembeni napiga video za harusi na mahafali. Mwezi uliopita nilipiga harusi Kasulu. Faili ni MP4 ya saa 1 na dakika 40. Kwenye laptopu inacheza safi, mdomo na sauti vinakwenda pamoja mwanzo mpaka mwisho. Nikiichoma na kuiweka kwenye deki, mwanzo hauna shida, ila ikifika hotuba ya baba wa bibi harusi, kama dakika ya 50 hivi, mzee anafunga mdomo na sauti bado inaendelea. Nimepima kwa saa ya simu, sauti inachelewa kama sekunde 3.

Nimechoma diski nne, zote ugonjwa mmoja. Mteja anataka nakala 30 za ndugu walioko Kibondo, Uvinza na Tabora, na nusu ya malipo kaishika mpaka aone mzee anaongea vizuri. Simlaumu. Yule mzee alilia kwenye ile hotuba, na ndiyo sehemu ambayo kila mtu ataitafuta. Naombeni msaada.

#2 Deki Mbili
Mkuu punguza spidi ya kuchoma. Weka 4x, usiende 16x. Mimi hapa Gungu nilihangaika miezi, siku niliyopunguza spidi tatizo likaisha.

#3 Fundi Isevya
Kabla hujachoma diski ya tano, tupe jibu la swali moja: sauti inachelewa kwa kiasi kilekile tangu mwanzo, au inazidi kuachana kadiri unavyokwenda mbele? Haya ni magonjwa mawili. La kwanza unasogeza sauti mara moja, imekwisha. La pili hata ukisogeza, utapatanisha hapa na utaharibu kule.

Pima hivi. Weka diski kwenye laptopu, ifungue kwa programu ya VLC. Ukibonyeza J au K sauti inasogea milisekunde 50 kila mbonyezo. Tafuta sehemu tatu: mwanzo, katikati na mwisho. Kila sehemu bonyeza mpaka mdomo ukae sawa, kisha andika namba.

#4 Kibirizi Boy
Hiyo ni sauti ya 44.1 tu. Video nyingi za mtandaoni na CD za muziki zina kilohezi 44.1 (yaani sampuli za sauti 44,100 kwa sekunde), DVD inataka 48. Ukichoma 44.1 kwenye DVD lazima iachane. Badilisha iwe 48, utanishukuru.

#5 Bint Ujiji
Kibirizi Boy, nusu uko sahihi. Ni kweli DVD inataka 48, na 44.1 ni ya CD na VCD. Lakini piga hesabu. Deki ikisoma sauti ya 48 kana kwamba ni 44.1, sauti inarefuka karibu asilimia 9. Kwa dakika 50 utakuwa umeachwa zaidi ya dakika 4, siyo sekunde 3. Tena sauti yenyewe ingekuwa nzito, mzee angesikika kama anaongea kutoka kisimani. Mleta uzi hajasema sauti imebadilika.

#6 Mchoma wa Mwanga
Sauti haijabadilika kabisa, ni ya mzee mwenyewe. Fundi Isevya naenda kupima sasa hivi.

#7 Mzee wa Reli
Vijana hamjambo. Hili jambo ni la miaka mingi. Tatizo ni PAL na NTSC, mifumo miwili ya picha za TV. Huku kwetu tumerithi PAL, fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde. Marekani na Japani walikuwa wakitumia NTSC, fremu 29.97. Hiyo 29.97 ndiyo inayosumbua, kwa sababu watu wanaiandika 30. Tofauti ni moja kwa elfu. Chukua dakika 50, ni sekunde 3,000. Moja kwa elfu ya 3,000 ni sekunde 3. Mleta uzi kasema sekunde 3.

#8 Fundi Isevya
Shikamoo Mzee wa Reli. Hesabu imenyooka, inavutia kuiamini. Ila ingekuwa hivyo ilitakiwa iachane polepole tangu dakika ya kwanza: dakika ya 10 sekunde 0.6, dakika ya 20 sekunde 1.2. Tusubiri vipimo.

#9 Mzee wa Reli
Marahaba. Sawa, tusubiri.

#10 Asali Mbichi
Kwani nani bado anatumia DVD jamani? Weka kwenye flashi, mpe mteja, kazi imeisha.

#11 Mama Kwaya
Asali Mbichi, nenda vijijini uone. Mimi ni mwalimu wa kwaya, tulirekodi video zetu Tabora, na waumini wengi wa Urambo na Kaliua wanatuuliza CD. Kuna mama ana TV ya kichogo, deki na betri ya sola. TV yake haina tundu la flashi. Utamwambia nini? Halafu DVD ina kava, ina picha ya wanakwaya, inakaa kabatini karibu na Biblia. Flashi watoto wanafuta, wanaweka katuni.

Na kwa video ya kwaya hili tatizo linauma kuliko la harusi. Waimbaji wameshika pambio, midomo thelathini inafunguka, halafu sauti inakuja nyuma. Mtu anadhani hamjui kuimba.

#12 Asali Mbichi
Mama Kwaya nimekuelewa, samahani.

#13 Mchoma wa Mwanga
Nimerudi na vipimo, nimepima mara mbili mbili.
Dakika ya 5: sifuri.
Dakika ya 20: sifuri, au kidogo sana sioni.
Dakika ya 35: sauti imechelewa kama milisekunde 600.
Dakika ya 50: sekunde 3 kasoro kidogo.
Dakika ya 90: sekunde 9 na zaidi! Huku sikuwahi kufika, nilikuwa naishia kwenye hotuba kwa hasira.

#14 Bint Ujiji
Basi nadharia ya Mzee wa Reli haikai peke yake. Dakika 20 za kwanza hakuna kitu, halafu kunaanza kuachana. Ukirudi nyuma kwa mwendo huohuo, kunaanzia dakika ya 31 au 32. Hapo kulitokea nini ukumbini?

#15 Mchoma wa Mwanga
Dada umeniamsha. Kadi ya kamera ilijaa kwenye kuingia kwa wazazi. Kuanzia pale nikapiga kwa simu, nimeiweka juu ya stendi. Baadaye nikaunganisha faili bila kuenkodi upya, ili ubora usishuke.

#16 Fundi Isevya
Umeshapata ulipo mlango. Kamera yako inapiga fremu 25 zisizobadilika. Simu haina nidhamu hiyo. Imeandikwa 30, lakini ukumbi ukiwa na giza inachelewesha fremu ili ipate mwanga wa kutosha, na ikipata moto inapunguza pia. Wataalamu wanaita VFR, fremu zenye mwendo unaobadilika. CFR ndiyo ya mwendo mmoja.

Kwa nini laptopu inacheza vizuri? Kwa sababu ndani ya MP4 kila fremu ina muhuri wa saa yake. VLC inasoma muhuri, inaonyesha fremu pale inapotakiwa. DVD haina huo uvumilivu: kwa PAL ni fremu 25 kila sekunde, kila moja milisekunde 40, basi. Programu ya kukonvati ikipuuza mihuri ikahesabu fremu tu kana kwamba ni 30 kamili, picha inakimbia, sauti inabaki na muda wake halisi. Ndiyo unaona mzee kafunga mdomo na maneno yanaendelea.

Fungua kipande cha simu kwa MediaInfo, programu inayosoma taarifa za faili, uangalie wastani wa fremu.

#17 Mchoma wa Mwanga
MediaInfo inasema VFR, wastani 29.92, juu kabisa 30 na ushee, chini inashuka mpaka 20.

#18 Bint Ujiji
Tuhesabu pamoja. Kutoka dakika ya 31 mpaka ya 50 ni dakika 19, sekunde 1,140. Zidisha kwa 29.92, ni fremu 34,109 hivi. Zikichezwa 30 kwa sekunde zinaisha kwa sekunde 1,137. Umepoteza sekunde 3. Fundi, nakupa mkono.

#19 Mzee wa Reli
Nami nampa mkono. Ila binti yangu, hesabu hiyohiyo mpaka dakika ya 90 inatoa sekunde 9 na nusu, na yeye kasema 9 na zaidi. Hapo sawa. Lakini dakika ya 35 inatakiwa iwe milisekunde 640, kasema 600. Sawa pia. Mmenishinda kwa haki.

#20 Banda la Ng'ambo
Ngoja niwape la kwangu. Zamani nilikuwa na banda la video Ng'ambo, Tabora. Tulikuwa tunapokea filamu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Kuna wakati nilichukua sauti ya mtafsiri kutoka DVD nikaibandika kwenye faili ya filamu ileile yenye picha nzuri zaidi. Mwanzo mtafsiri anakwenda sawa, katikati anasema "sasa anamfuata mlangoni" wakati jamaa hajashuka hata kwenye gari. Mwisho wa filamu mtafsiri kaaga, kamaliza, na watu bado wanapigana. Wateja walidai hela zao. Nikaambiwa filamu ni fremu 24 na DVD ni 25, tofauti ni dakika 4 kwenye filamu ya dakika 100.

#21 Bint Ujiji
Ndivyo, na faili nyingi ni 23.976, siyo 24 kamili. Filamu ya dakika 100 kwa mwendo huo, ikipelekwa kwa 25, inaisha kwa dakika 95.9. PAL walizoea kufanya hivyo makusudi, wanakimbiza filamu kwa asilimia 4, na sauti inapanda kidogo. Kwa hiyo mtafsiri wako alifanya kazi juu ya filamu iliyokimbizwa, wewe ukamweka kwenye isiyokimbizwa. Dawa ilikuwa kuirefusha sauti yake kwa programu ya Audacity, uwiano wa 25 kwa 23.976.

#22 Banda la Ng'ambo
Miaka yote hiyo nilimlaumu mtafsiri. Asante dada.

#23 Deki Mbili
Jamani na mimi nisikilizwe. Nilipunguza spidi ya kuchoma tatizo likaisha, siyo hadithi. Diski mbaya ikichomwa haraka, deki inasoma kwa shida. Picha inaganda, sauti inaendelea, zikirudi haziko pamoja.

#24 Fundi Isevya
Deki Mbili, kuchoma ni kunakili namba. Kama muda uliomo kwenye faili ni mbaya, hata ukichoma kwa mwendo wa kobe utabaki mbaya. Ila unachosema kuhusu diski dhaifu nakikubali kwa sharti: hiyo haitokei mahali palepale kwenye diski nne. Inaruka popote. Yake inaanza dakika ya 31 kila mara.

#25 Deki Mbili
Yangu pia ilikuwa mahali palepale.

#26 Kibirizi Boy
Labda mkuu ulikuwa unabana kidogo mno. DVD inaruhusu picha mpaka megabiti 9.8 kwa sekunde, na deki nyingi za zamani zinakosa pumzi ukizikaribisha huko kwenye diski ya kuchoma. Ukipunguza spidi ya kuchoma inasomeka vizuri zaidi, kwa hiyo inapata nafuu. Kwa saa 1 na dakika 40 kwenye diski ya GB 4.7 huwezi kuzidi megabiti 6 na kidogo kwa vyote. Weka picha 5.5, sauti ya AC3 (aina ya sauti iliyobanwa ya DVD) kilobiti 448, inaingia.

#27 Deki Mbili
Hapo sasa. Niliweka 9. Lakini bado nasema na spidi inahusika.

#28 Fundi Isevya
Mchoma wa Mwanga, fanya hivi. Chukua kipande cha simu peke yake, kipitishe kwenye programu ya HandBrake, fremu 25, mwendo usiobadilika. Kisha unganisha na cha kamera. HandBrake haitengenezi DVD, inakutolea MP4 iliyonyooka, halafu unaipeleka kwenye programu ya DVDStyler kwa menyu na kuchoma. Na usirudie kuunganisha vipande vya mashine mbili bila kuenkodi. Hakuna ubora unaookoa pale.

#29 Mtu wa Katubuka
Kwa wasioogopa kuandika amri, ffmpeg inamaliza kwa mstari mmoja:
ffmpeg -i simu.mp4 -af aresample=async=1 -target pal-dvd simu.mpg
Hiyo "pal-dvd" inaweka fremu 25, picha 720 kwa 576 na sauti ya 48 yenyewe. Hiyo "async=1" inajaza au kukata sauti ifuate mihuri ya saa.

#30 Mama Kwaya
Sisi kwaya yetu tulirekodi sauti kutoka kwenye mikisa kwa rekoda ndogo, kamera ikapiga picha. Mwanzo tulipatanisha vizuri kabisa, baada ya saa moja tukawa tumeachana kidogo. Hakuna simu hapo. Hiyo ni nini?

#31 Bint Ujiji
Mama, kila mashine ina saa yake ndani, na hakuna saa mbili zinazolingana kabisa. Zikitofautiana sehemu 50 kwa milioni, baada ya saa moja ni milisekunde 180. Jicho linaona. Kwa video ya nyimbo fanyeni kila wimbo peke yake, mpige makofi mara moja mbele ya kamera kabla ya kuanza. Kofi linaonekana na linasikika, unapatanisha hapo.

#32 Mzee wa Reli
Na mama, kamera iliwekwa wapi? Sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde. Kamera ikiwa nyuma ya ukumbi, mita 34 kutoka kwenye spika, maikrofoni yake inapata sauti sehemu ya kumi ya sekunde baadaye. Ukipatanisha sauti ya mikisa kwa kufuata sauti ya kamera, umeshaingiza kosa hilo.

#33 Mama Kwaya
Nyuma kabisa, karibu na mlango. Mungu awabariki.

#34 Asali Mbichi
Naendelea kujifunza. Watu wa Kigoma mkishamaliza hapa tumeni migebuka kwa treni, sisi tutarudisha asali.

#35 Kibirizi Boy
Asali tangulizeni nyinyi, migebuka inaharibika njiani.

#36 Mchoma wa Mwanga
Wakuu, mrejesho. Nimefanya kama Fundi alivyosema. Kwenye laptopu diski mpya iko sawa dakika ya 50 na ya 90, nimeangalia hotuba yote. Nimefurahi mno.

Lakini nimeipeleka kwa jirani mwenye TV bapa na sabufa. Pale sauti inatangulia picha, siyo kuchelewa tena! Tangu dakika ya kwanza mpaka mwisho, kiasi kilekile, naona kama theluthi ya sekunde. Nikarudi nyumbani kwenye TV ya kichogo na deki yangu, hakuna tatizo. Sasa nichome 30 au nisichome?

#37 Fundi Isevya
Hiyo ni TV, siyo diski. TV bapa inapokea picha, inaikuza, inaisafisha, ndipo inaonyesha. Sauti imetoka kwenye deki moja kwa moja kwenda sabufa, haisubiri. Usiguse faili yako.

#38 Mtu wa Katubuka
Fundi, TV kula theluthi ya sekunde ni nyingi. Sehemu ya kumi, sehemu ya tano, sawa. Mimi nashuku deki ya jirani. Kuna deki zina mpangilio wa kulinganisha sauti na picha kwenye menyu, mtoto akichezea rimoti hujui kabaki wapi.

#39 Kibirizi Boy
Au AC3. Deki nyingine zinaifungua vibaya. Choma moja ya kujaribu yenye sauti ya aina nyingine, MP2 au PCM.

#40 Bint Ujiji
Kumbukeni pia jicho linavyopokea. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, walipima: sauti ikitangulia milisekunde 45 tu mtu anaanza kuona, lakini ikichelewa mpaka 125 ndipo anaona. Tumezoea sauti kufika baada ya picha, mtu akikata kuni ng'ambo ya bonde shoka linashuka kwanza. Kwa hiyo "theluthi" ya mkuu inaweza kuwa 150 tu, imemkera zaidi kwa kuwa imetangulia. Pima, usikadirie.

#41 Deki Mbili
Ulichoma kwa spidi gani?

#42 Mchoma wa Mwanga
8x, Deki Mbili. Nitajaribu na 4x, sitaki kuacha kitu.

Jumamosi napanda Kasulu na diski mbili, moja AC3 moja MP2, nikazijaribu kwenye deki ya mzee mwenyewe. Ana TV bapa na spika mbili kubwa alizozinunua kwa ajili ya hiyo harusi.

#43 Mzee wa Reli
Ukifika msalimie. Kabla ya yote chomoa zile spika, sikiliza kwa sauti ya TV yenyewe. Kisha zirudishe, sikiliza tena palepale kwenye hotuba, na uandike namba zote mbili utuletee.